Nimechangisha harusi isiyo na bwana

Jumapili. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa haijaamua kuacha. Mlima hauonekani kabisa. Kichwani mwangu nako ni hivyohivyo.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi sikusoma hata darasa moja. Naiambia simu, simu inaandika, halafu mjukuu wangu Zuhura, aliye Dar, anapita kusahihisha simu ilipokosea. Leo, Zuhura, sahihisha herufi tu. Maneno yangu usiguse.

Nimefanya jambo na sijui kama ni jema au ni baya.

Zuhura anatengeneza filamu. Si ya kuigiza, ni ya watu wa kweli. Miaka minne anapanda kijijini Matombo na kamera yake kumchukua picha dada yangu Mwanaidi, mfinyanzi wa vyungu, tangu kuchimba udongo hadi kuchoma. Picha zote zipo. Kilichobaki ni kuzikata, kuziunga na kusafisha sauti, na kazi hiyo wanayo mafundi wa Dar, na mafundi wa Dar hawalipwi kwa ndizi. Ameandikia wafadhili mpaka amechoka. Wanamjibu kwa heshima kubwa na mikono mitupu.

Na dada yangu macho yanafunga. La kushoto limeshazima. La kulia bado linaona, lakini kila nikipanda nakuta limepungua. Ananishika mkono, ananiuliza, "Mdogo wangu, nitajiona lini?" Hataki asimuliwe filamu. Ametazamwa miaka minne, sasa anataka zamu yake ya kutazama.

Kwa hiyo wiki mbili zilizopita nilisimama kwenye kikundi chetu cha kina mama hapa Mafiga. Kikundi hiki nimekitumikia. Hakuna harusi ya mtaa huu ambayo sikuchangia, hakuna mwali aliyetolewa bila kanga yangu. Nikasema, "Jamani, nawaletea mchango wa Zuhura. Shughuli imefika, nishikeni mkono."

Sikusema harusi. Naapa sikusema.

Lakini mchango wenye jina la binti wa miaka thelathini, kwenye mtaa huu, utakuwa wa nini kingine? Vigelegele vilipigwa kabla sijakaa. Nilishafungua mdomo nieleze, Mama Shabani, mwenyekiti wetu, akanikumbatia huku analia. "Hatimaye, shoga yangu!"

Nikaufunga mdomo.

Kosa langu liko hapo. Kusema nilisema vizuri tu, kunyamaza ndiko kulikoniharibia.

Vitu vikaingia nyumbani. Bahasha, mchele, doti za kanga, hadi godoro. Nililiegemeza ukutani, nikilala nalitazama, nalo linanitazama. Fedha nikamtumia Zuhura, nikamwambia kina mama wameipenda kazi yako. Akalia kwenye simu kwa furaha. Na mimi nikajiona mtu mwema. Hebu fikiria.

Leo asubuhi kina mama walijaa barazani kwangu wakigombania sare, kanga ya zambarau au ya kijani. Mara akatokea mwanangu Hamisi kutoka Kilakala, amelowa mpaka viatu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na posa ya binti haipiti bila mjomba. Mama yake Zuhura, binti yangu, alishatangulia mbele za haki. Mjomba ndiye huyu Hamisi.

"Shikamoo, Mama. Huko mjini napewa hongera kwamba nimepokea posa. Nimeipokea kwa nani?"

Wote wakageuka kunitazama.

Nikasimama nikasema yote. Filamu, vyungu, mafundi, jicho la dada yangu. Nikasema fedha zimeshakwenda na kurudi hazirudi, lakini kilicho ndani ya nyumba kila mtu achukue chake.

Mama Shabani akaniangalia juu hadi chini. "Yaani bwana harusi ni kamera?"

Wengine wakacheka. Wengine hawakucheka. Mwenye godoro alilifunika nailoni, akajitwisha, akatoka nalo kwenye mvua ileile. Sikumlaumu. Nilimshikia geti.

Mama Shabani hakuchukua kitu. Akaniambia, "Sikiliza, wewe bibi usiye na haya. Nilipowaoza wanangu watatu ulinibeba. Nilikuwa na deni lako, nimelilipa. Lakini siku Zuhura akipata mume wa nyama na mifupa, usije kusimama tena mbele yetu. Mchango wa binti ni mmoja."

"Ni mmoja," wakaitikia, hata wale waliokuwa wanacheka.

Ni kweli. Ndivyo tunavyoishi. Unachangia watoto wa wenzio miaka nenda miaka rudi, na kwa mtoto wako unavuna mara moja tu. Mimi nimeshavuna. Nimevuna cha Zuhura bila kumuuliza Zuhura, nikampelekea dada yangu.

Sasa mimi ni bibi wa namna gani? Na ningekaa kimya dada akapofuka, ningekuwa ndugu wa namna gani?

Kina mama walipotawanyika, Hamisi alibaki. Alikunywa chai. Kwenye kikombe cha pili akauliza, "Na Mama Mkubwa ataiwahi?" Nikamwambia Mungu akipenda. Akasema, "Basi waambie hao mafundi wasilale," akavaa viatu vyake vilivyolowa, akaondoka. Sijui kama amenisamehe.

Nikampigia Zuhura, nikamweleza bila kupunguza. Kisha akasema, "Bibi, ungeniuliza..." na sauti ikamwisha. Akaniaga.

Ungeniuliza ningekubali? Au ungeniuliza ningekataa? Tangu saa hiyo nayageuza maneno hayo mawili kama mtu anayetafuta mdomo wa chungu gizani. Mimi ambaye mtaa mzima unauogopa ulimi wangu, nilishindwa kumwambia, malizia mwanangu.

Mafundi wameshaanza kazi. Mvua ikipungua kesho nitapanda Matombo kumwambia dada alipumzishe jicho lake, asilichoshe juani kwa mambo ya bure. Habari za godoro sitampa.

Zuhura, ukifika hapa kusahihisha, yale maneno uliyoyaacha katikati yamalizie hapa chini. Yoyote yale. Nitamwita Hamisi anisomee.