Karatasi Iliyokuwa Kwenye Fyuzi

Iguguno

Shemeji Sostenes,

Huku tunaendelea. Mama yenu ameanza kunywa uji, na alizeti imeinamisha vichwa, ingawa ndege wanaimaliza.

Wazee wamesema tukianua matanga utarithi pikipiki ya kaka yako, na mimi pamoja nayo. Kwa hiyo nilimwita fundi Amri aitazame, usije ukapewa kitu kibovu. Alibadilisha balbu ya taa ya mbele, haikuwaka. Akafuata waya hadi kwenye shingo ya usukani, akakuta umechubuka, umegusa chuma na kuungua wote. Akashangaa kwa nini fyuzi haikukata. Alipofungua chini ya kiti, akaikuta ilishakufa zamani, imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ili umeme upite.

Marehemu hakuvuta sigara, shemeji. Wewe ndiye uliyeiazima Pasaka, ukairudisha ukisema, "Taa ilikuwa inasumbua, nimeshaitengeneza." Akakushukuru mbele yangu. Wiki ile ile taa zilimzimikia njia ya Mtinko, jua limeshazama, na mbele yake lori bovu limesimama.

Msibani ulilia kuliko sisi wote, nikakuhurumia.

Amri ameweka waya mpya na fyuzi mpya, taa inawaka vizuri. Njoo uichukue pikipiki. Mimi sirithiwi. Karatasi yako nimeikunjia humu ndani ya bahasha. Mama yenu bado hajaiona.

Ni mimi Aneth,
mke wa kaka yako.