Opal wa Klabu ya Tausi

Dayton, Ohio
14 Mei 2023

Dada yangu mpendwa Coralee,

Pokea salamu zangu za upendo. Natumaini goti lako limeanza kukutii, na shemeji Floyd bado anakataa kuvaa kile kifaa cha kusikia. Mimi ni mzima, ila miguu huvimba nikisimama sana, na juma lililopita nilisimama mno sherehe nzima.

Klabu ya Tausi imetimiza miaka hamsini. Nyumbani niliwaambieni nafanya kazi mkahawani, na haukuwa uongo mtupu, maana Inez Marchetti aliniajiri kukaanga samaki. Lakini chakula kikiisha meza zilisogezwa, na wanaume waliovaa magauni, nyusi zimechorwa kwa wanja, walipanda jukwaani kuimba.

Inez alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Aliifungua Tausi mle mle mkahawani mwake baada ya mpishi wake, Dewitt, kutupwa nje ya baa ya jirani kwa kucheza dansi na mwanamume mwenzake. Inez alisema kama hawana pa kucheza watacheza kwake, na asiyependa akale kwingine. Wakaja madereva wa malori, walimu, mafundi wa kiwanda cha matairi. Watu waliojificha mchana kutwa, pale waliitana mashosti na kucheka kwa sauti.

Nyota wao alikuwa Opal: gauni la kijani, sauti nzito yenye mikwaruzo kidogo, na mdomo usio na breki. Mlevi mmoja alipomzomea kwamba yeye si mwanamke, Opal alimtazama kwa upole.

"Na wewe si mwanamume wa kunisumbua, mpenzi. Kaa chini, samaki wako anapoa."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Yule mlevi akawa mteja wetu miaka kumi.

Mwaka 1984 majirani walipeleka ombi kwenye baraza la jiji ili tufungwe. Inez alitaka kumtuma wakili tu, Opal akakataa. Saa nne asubuhi, jua kali, waimbaji wanane waliingia barazani wamevaa kamili, wigi na visigino, nami nyuma nimebeba mikoba yao. Mwenyekiti akamwuliza Opal jina lake. Opal akamwuliza anataka lipi, la kiwandani au la jukwaani. Yule bwana akasema anataka la kweli.

"Yote mawili ni ya kweli, mheshimiwa. Jumatatu hadi Ijumaa natengeneza matairi ya magari yenu. Jumamosi naimba. Mkiufunga mlango ule sitatoweka; nitakuja kuimba hapa, kwenye ngazi zenu."

Kura zilikuwa tano kwa nne, na mlango ukabaki wazi. Tulirudi kwa miguu kupitia barabara kuu, na tangu nizaliwe sijatembea kifua mbele namna ile.

Kisha ukaja UKIMWI. Wengine familia zao ziliwafungia mlango, hivyo Inez akageuza ghala la juu kuwa chumba cha wagonjwa. Waimbaji walipeana zamu kufua mashuka na kuwalisha supu kwa kijiko. Tuliwaaga kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeondoka bila heshima.

Sasa, dada, kama umesimama, keti. Opal alikuwa Everett wetu.

Niliwaambieni kaka alikufa kwa nimonia hospitalini kabla sijafika, nikawaletea majivu. Ulinilaumu kwamba nilimwacha afe peke yake. Nimeibeba lawama hiyo miaka thelathini na mitano, kwa sababu aliniapisha nisiseme maadamu Baba yu hai. Baba tumemzika Machi. Ukinikasirikia una haki. Lakini sitaki uendelee kumlilia kaka aliyekufa mpweke, maana haikuwa hivyo.

Alifariki asubuhi, Aprili 1988, mle ghalani. Inez alimshika kichwa, Dewitt miguu, mimi mkono. Tulikuwa kumi na wanane chumbani, na wengine walisimama kwenye ngazi kwa kukosa nafasi. Macho yake yalikuwa hayaoni tena. Aliniuliza kama kuna watu.

Nikamwambia, "Pamejaa, Ev."

Akatabasamu. "Basi nipakeni rangi ya mdomo."

Nisalimie Floyd na watoto wote. Picha iliyomo kwenye bahasha ni yake, siku ile ya barazani. Mwangalie vizuri, ana kidevu cha Mama.

Mdogo wako akupendaye,
Lenora