Samaki kumi mu njia ya Beni

Leo siku ya ine ya juma, jioni. Butembo iko na ukungu, na ile baridi yake ya kuingia mpaka mu mifupa.

Niandike mbio, mbele ya kuanza kujifichia ukweli.

Mu salon yangu kuko aquarium, sanduku ya kioo yenye bwana yangu Kambale alinitengenezea. Mulikuwa samaki kumi na mbili, zile ndogo za jimbo ya Équateur zenye ubavu wa kung'aa. Courant ya umeme yenye kupasha maji moto ilikatika siku mbili, maji ikapoa, zikabaki ine. Na hizi ni samaki za kutembea kundi. Zikiwa chache, zinaogopa hata kivuli ya mukono. Zile ine zilijificha nyuma ya jiwe, zikaacha kula. Donc ndugu yangu wa Kinshasa akatuma zingine kumi na ndege mpaka Beni. Leo asubuhi nikaenda kuzipokea.

Zilikuwa mu sachet mbili za plastiki, maji kidogo chini, hewa nyingi juu. Mutu mwenye alizileta aliniambia, "Mama, usifungue mpaka nyumbani. Ile hewa ikitoka, zitakufa mu njia."

Mu taksi tulikuwa batu sita. Pembeni yangu alikaa mama moja mwenye kuitwa Kahindo. Alikuwa anarudi kwake, kijiji ya kando ya barabara, kusaidia bwana yake kuvuna kahawa.

Nusu ya njia, basoda ba jeshi balitusimamisha. Masasi ya bunduki ilikuwa inalia mbele, nyuma ya kilima. Camions na pikipiki zikapangana mustari.

Kahindo alitosha telefone, akaita bwana yake. Haikuingia. Akaita tena.

Na mimi? Mimi nilikuwa naangalia sachet.

Shofere akageuka. "Turudi Beni, ao tungoje? Museme." Muzee wa mbele akasema turudi. Batu babili ya nyuma nabo bakasema turudi. Jua ilikuwa inapiga kioo ya gari, na samaki zilikuwa zimepanda juu ya maji, midomo wazi.

Nikasema, "Tungoje. Nimesikia soda moja anasema njia inafunguliwa sasa hivi."

Hakuna soda alisema vile.

Baliniamini, juu balijua niko mwalimu. Kahindo naye akasema tungoje, mais yeye alikuwa na sababu ya mutu, bwana yake.

Kisha soda moja akafika ku dirisha, akaweka kidole juu ya sachet. "Hii ni nini?"

"Samaki, chef."

"Ya kukula?"

"Hapana. Ya kuangalia."

"Fungua."

Nikamuambia zitakufa. Akarudilia, "Fungua." Nilishashika fundo wakati Kahindo aliinamisha kichwa karibu na dirisha.

"Chef, ni maji na samaki, unaziona na macho yako. Bwana yangu iko pale mbele mu shamba. Batu ya mashamba balikimbilia wapi?"

Ule soda alikuwa kijana. Akamuangalia, akatosha kidole. "Sijue, mama," akasema, na akaenda ku gari ingine.

"Lete moja," Kahindo akaniambia. "Jua inazichoma." Akaiweka ku magoti, akainama juu yake kuifanyia kivuli. Mukono moja ilishika samaki yangu, ingine ilikuwa inaita telefone. Tulikaa vile karibu saa nzima.

Balipofungua njia tulipita polepole. Tuliona pikipiki imelala kando, na gunia ya kahawa imepasuka. Kwa kijiji yake Kahindo akashuka, akanirudishia sachet, na akaenda mbio. Nilisema aksanti. Kisha nikainua sachet kuona kama samaki zingali zinapumua.

Nyumbani niliziacha zielee mu aquarium ndani ya sachet, maji izoeane, kisha nikaongeza maji ya aquarium mu sachet kidogo kidogo, nikazifungulia. Mbili zilikuwa zimelala ubavu, zilikufa. Nane zikaogelea. Zile ine za zamani zikatoka nyuma ya jiwe, na sasa zote kumi na mbili zinageuka pamoja. Kambale anafurahi. Anasema safari yangu haikuwa ya bure.

Nilimuelezea masasi, soda, jua. Ile uongo sikumuelezea.

Hakuna mutu mu gari yetu aliumia. Ninajirudilia ile neno tangu nifike, na haiingie mu roho. Sikujua kama njia iko salama. Nilijua tu: samaki hazitafika kama tukirudi Beni.

Na sikumuuliza Kahindo hata jina ya bwana yake.

Kambale atasikia yote leo, mbele tulale. Kesho asubuhi, mbele ya masomo, nitaenda ku parking kutafuta ule shofere, juu anapita ile njia kila siku. Nitaanza na kuungama uongo yangu. Kisha nitamuuliza kama ile telefone ya Kahindo ilijibiwa.