Uso Nilioonyeshwa

Mpendwa Mama Mshauri,

Naomba msaada kwa jambo ambalo sijamwambia mtu, hata bibi ninayelala naye kitanda kimoja: sikuuona uso wa aliyemuua baba mdogo.

Baba mdogo Fadhul alikuwa fundi magari mtaani Kisenyi, na asubuhi moja mwaka juzi nilimpelekea chai kabla ya shule nikamkuta ameanguka kando ya gari, kichwa kimepasuliwa, na nilichokiona cha yule mtu ni mgongo wenye shati la kijani ukipenya kwenye uwazi wa ua wa mabati, basi. Tuliripoti siku ile ile, polisi wakasema gari halina petroli, baadaye wakasema afisa amehamishwa, kisha wakanyamaza, nasi tukaogopa kuuliza kwa sababu (…). Spana yenye damu iliyoachwa kando yake mafundi waliwawekea polisi weee, mwisho wakaiosha wakarudi kuitumia, maana spana siku hizi hazipatikani, na ovaroli lake bibi alilifungia sandukuni, panya wakalitafuna.

Mtaani wakasema muuaji ni Mugisho, Mkongo muuza vipuri, kwa kuwa waligombana juu ya gia boksi. Shangazi Kulusum, akiamini niliuona uso na akihofia nitasahau kabla polisi hawajaja, akawa kila Ijumaa ananipitisha mbele ya duka lake: “Mtazame vizuri. Siku ikifika usitutie aibu.” Sasa nikifumba macho, ule mgongo unageuka, nao una uso wa Mugisho.

Juzi polisi wamekuja. Inspekta aliulizia spana, akaulizia ovaroli, kisha akaniambia, “Basi, mtoto, kesi imebaki kwa macho yako.” Mwezi ujao watapanga watu mstari nimguse muuaji begani. Nikisita, shangazi hunicheka: “Vitabu vyote hivyo, uso mmoja unakushinda?” Nikimgusa atanyongwa, nisipomgusa damu ya baba mdogo imepotea nami ndimi niliyeipoteza. Nifanyeje?

Msichana wa sekondari, Makindye

*

Mwanangu, pole sana. Majina yenu nimeyabadilisha, na mstari mmoja nimeufuta. Gazeti letu lina nafasi ndogo.

Sasa nikugombeze. Ungesema “mgongo tu” siku ya kwanza, shangazi yako asingepata cha kukutembezea. Lakini damu hukuipoteza wewe. Spana ilingojeshwa, ovaroli likangojeshwa, nawe ukangojeshwa. Panya wa kumbukumbu hawana kelele. Waliolala muda wote huo wanataka jicho lako liwafanyie kazi yao. Usiwafanyie.

Mwambie bibi leo, kabla hujalala. Siku ya mstari usimguse mtu. Taja mgongo, shati na mabati, kisha useme ulikuwa ukionyeshwa Mugisho kila Ijumaa, wakiandike hicho ukiwaona. Huenda ndiye. Kama ndiye, waliochelewa ndio waliomfungulia mlango. Na usiende peke yako.

*

Mama Mshauri,

Nilimwambia bibi. Akasema atanisindikiza.

Mugisho alikuwa wa tatu mstarini, anatazama miguu yake. Nikamwambia inspekta, “Huyu namjua kwa kuwa nimeonyeshwa. Niliyemwona sikumwona uso.” Akafunika kalamu yake. “Basi hatuna kesi.” Shangazi alitema mate chini akatangulia nyumbani.

Mugisho, alipoachiwa, alitukuta langoni mwa kituo. Alinisalimu kwa adabu, mkono kifuani. Sikujua nasalimiwa na mtu aliyeonewa au na aliyemuua baba mdogo, na sitajua.

Niliitikia. Kisha nikamshika bibi mkono tukavuka barabara.