Moyo wa Samaki wa Siku Mbili

3 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limetulia. Mimi sijambo, ila mikono inanuka samaki.

Ndiyo, samaki! Katika shahada hii ya uzamili wanatuchanganya watu wa hesabu na watu wa viumbe, wawili wawili. Mwenzangu ni daktari wa mifugo. Akiona mlinganyo anatoka jasho. Tunapima mapigo ya moyo ya samaki wa siku mbili, wadogo kuliko punje ya mchele, miili kama kioo. Juzi niliwaua thelathini na mmoja kwa kuwamiminia maji ya friji. Daktari akanitazama: "Dada, hawa si soda."

Mwezi wa tano kuna mtihani. Yeye ataeleza hesabu zangu, mimi nitaeleza moyo. Tukishindwa, tunafunga virago wote wawili.

Binti yako

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, halijapona wala halijaniua. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na miwili, zote nikakupa wewe, leo unaniandikia habari za kuua samaki! Mwalimu mkuu wa shule yangu ya zamani anatafuta mtu wa hesabu, atasubiri hadi Juni. Rudi. Huko watakufanya nusu hiki, nusu kile.

Baba yako

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Nisamehe kwa ukimya. Barua yako ilinichoma, na kibaya zaidi, niliona una haki.

Grafu ya mapigo ilinikatalia kabisa. Kila samaki, moyo wake ulizidi kwenda mbio kadiri nilivyomtazama. Nikaona nimekosea kuhesabu, nikataka kufuta yote. Daktari akanishika mkono.

"Usifute! Taa ya hadubini inawapasha joto. Moyo ukipata joto hukimbia."

Tukaliingiza joto kwenye mlinganyo. Grafu ikatulia, Baba, kama mtoto aliyeshiba! Nikamfundisha alama moja moja, naye akanifundisha kushika samaki bila kuwaua.

Jana ndiyo ilikuwa siku. Profesa wa hesabu alimtega daktari, akajinasua. Mimi nikaulizwa moyo wa samaki una vyumba vingapi. Viwili, nikachora. Tumefaulu! Nimeambatanisha kazi yetu. Sirudi Juni. Usinikasirikie.

Binti yako

29 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na hongera sana wewe na daktari wako. Kazi yenu nimeisoma mara nne. Ya tano nilichukua kalamu. Ukurasa wa pili, wakati wa kunakili, mmedondosha alama ya kutoa. Rekebisheni.

Mwalimu mkuu nimemwambia atafute mtu mwingine. Akaniuliza, "Kwani binti anasomea nini hasa?" Nikaanza kueleza kwa madaha, nikakwama katikati. Mmeandika kwamba moyo huanza kupiga kabla damu haijaanza kutembea. Sasa unapiga kwa ajili ya nini? Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi hadi chai imepoa, na raha niliyonayo sijawahi kuipata tangu nistaafu. Nijibu haraka.

Baba yako