Utumbo Hauna Yaya

Kapata, Kolwezi
Tarehe 14 Mei 2024

Mpendwa kaka yangu mkubwa, Yaya Kabemba,

Salamu nyingi toka kwetu Kapata. Hujambo? Mkeo Mama Micheline na watoto hawajambo? Mihogo imekubali mwaka huu? Sisi tunaishi, Mungu ashukuriwe, ila nakuandikia nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni juu yako.

Unaijua ngiri ya mdogo wetu Hénock, aliyoipata kwa kubeba mifuko ya mawe mgodini. Miaka miwili alikuwa akilala chali, anairudisha ndani kwa vidole, anacheka. Jumanne iliyopita asubuhi ilikataa kurudi. Ikawa ngumu, akaanza kutapika, tukamkimbiza hospitali.

Daktari Muteba alitueleza vizuri: utumbo umebanwa kwenye tundu la ngiri, damu haipiti, na usipofunguliwa upesi utakufa. Akaleta karatasi ya sahihi. Hapo, Yaya, ukoo mzima ukakunja mikono. Dada Joyeuse alisema, "Mi siwezi kusinye hiyo karatasi bila Yaya kusema." Ndivyo tulivyo: tangu Baba afariki, hakuna wa kwetu anayepasuliwa bila neno lako, wewe mkubwa wetu. Tukapiga simu huko kwako Musumba, tukatuma na ujumbe. Hakuna rezo. Saa sita nzima tulikaa kwenye benchi tukingoja mnara wa huko uamke, na Hénock akilia nyuma ya mlango.

Daktari akatoka amekasirika. "Bamama, muko nangoyea nani? Matumbo haina yaya!"

Nikaona haya, nikatia sahihi mimi.

Alipompasua alikuta utumbo umekuwa mweusi. Aliufungua, akaufunika kwa vitambaa vya maji ya vuguvugu, akangoja kuona kama damu itarudi. Sehemu kubwa ilirudiwa na rangi. Kipande cha urefu wa kiganja changu hakikurudi, akakikata. Alisema tungetia sahihi asubuhi, huenda asingekata kitu. Hénock sasa anakunywa uji, lakini amekonda sana.

Alhamisi ujumbe wako ukaingia: "Mungoyee, niko nakuya." Tungoje nini tena, na mtu ameshapasuliwa? Niliitupa simu kitandani.

Na bado sijamaliza. Noeli ulipokuja nilikuona nyuma ya nyumba, umelala chali kwenye mkeka, unabonyeza kinena kwa vidole. Ulidhani hakuna aliyeona! Sisi tunakungoja wewe. Wewe utamngoja nani? Naogopa, Yaya. Nenda ukapasuliwe sasa, kabla na ngiri yako haijakataa kurudi. Na kama utakaidi, ndani ya bahasha kuna karatasi. Andika kwa mkono wako kwamba siku itakapokataa Mama Micheline atie sahihi palepale, asimngoje mtu.

Msalimie sana yeye, mtoto Abigaël na shangazi Jessica. Hénock anakusalimu, yeye hana kinyongo. Mungu akulinde wewe na hilo tumbo lako.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda hata leo,
Valérie

Kalamu pia nimeiweka, usije ukasema hukuwa nayo.