Maji ya Ndiva na Betri ya Trekta

Mjukuu wangu Nakunda,

Marahaba. Tu wazima, na mguu wa babu yako umepona. Unauliza kama ukatae bosi akikuamuru kujaza betri za vigari vya gofu maji ya bomba.

Kijijini kwetu Kisiwani, wakati wa ujamaa, dereva alitaka kutia betri ya trekta letu la pekee maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia.

“Yamelisha babu zako, yatashindwa betri?” aliniuliza nilipomzuia.

Nilikuwa binti wa shule, mwenye haya, ila Kiingereza cha kwenye betri nilikisoma: maji yasiyo na madini. Nikaimwaga ndoo yake. Jioni tulikinga mvua, isiyo na madini ya udongo, kwa beseni, tukaitia kwenye betri, na trekta likalima.

Nakiri, nilitetemeka hadi nyumbani. Radhi sikuomba. Nawe kataa, hata ukitetemeka.

Bibi yako